Nilimuhukumu Mwanafunzi Wangu kwa Kunyamaza Kwake

Kosa ni langu. Naliandika mwanzoni, ili usije ukatafuta mkosaji mwingine nikiendelea kukueleza. Wewe sikujui, rafiki, njo maana naweza kukuambia.

Mimi ni mwalimu wa misioni upande wa Masisi. Si msomi, nilisoma miaka sita, mengine niliokota kwa vitabu vya Mapadri. Mwaka ule tulikuwa tunatayarisha vijana wakubwa wawe walimu wa vijijini. Padri alinipa gazeti dogo niwafundishe kutafuta mambo mawili: mwandishi anasema kwa sauti gani, na anataka tukubali nini.

Habari yenyewe ilikuwa juu ya watu wanyamavu, wale wanaochoka katikati ya wengi na kupata nguvu wakiwa peke yao. Ilianza kwa ukali: mnyamavu anadharau wenzake, mnyamavu anaficha jambo.

Jamani, maneno yale yalinipendeza! Mimi napenda kusema. Na darasani nilikuwa na Anselemi, muntu wa Kashebere, mwenye mke na mtoto, ambaye tangu aje hakuinua mkono hata mara moja. Nilihisi ananipima. Labda hakuwa ananipima. Sijui.

Nikawasomea habari ile, kisha nikaandika ubaoni: sauti ni ya hasira, na hoja ni kwamba mnyamavu ni wa kuogopwa. Wote wakanakili. Anselemi peke yake akaandika kurasa mbili. Nilisoma mstari wa kwanza tu, kwamba sauti ni ya upole, nikampa sifuri. Nikamuita mbele ajitetee. Akatazama miguu yake.

Mmoja akasema kutoka nyuma, "Mwalimu, mumuache. Kinywa yake ilibakia porini, kule alitahiriwa."

Darasa likacheka. Nami nikacheka. Kule msituni vijana wakipelekwa tohara ya kienyeji wanaapa kutosema walichokiona, na misioni ilikataza kabisa mwanafunzi kurudia mambo hayo. Ule ulikuwa mzaha. Mimi nikaubeba mpaka kwa Padri kama habari ya kweli, kwamba Anselemi alirudi porini wakati wa likizo.

Nimtendee Padri haki: aliniuliza mara mbili kama nimeona kitu ao nimesikia. Mara ya kwanza nikababaika. Mara ya pili nikasema, "Padri, muntu wa kunyamaza hivi iko na kitu anaficha."

Sikumuambia kwamba neno lile nililiokota gazetini.

Anselemi alipoulizwa alijibu kwamba likizo alikwenda kumusalimia mama yake, basi. Akafukuzwa wiki mbili mbele ya mtihani, akaenda kuosha mawe ya mgodi huko Walikale.

Mwaka uliofuata nilinakili habari ile kwa mkono, neno kwa neno, nitayarishe somo lile lile. Mkono hauna haraka kama jicho. Njo nikaona: ukali wa mwanzo haukuwa wa mwandishi. Aliyataja maneno ya watu ili ayakatae, na chini aliyakataa waziwazi, akiwatetea wanyamavu. Wala sikuwa nimeruka mstari! Nilikuwa nimesoma yote, ila moyo wangu ulisimama pale palipokubaliana nao. Nikatafuta karatasi ya Anselemi. Ilisema hivyo hivyo, tena vizuri kunipita.

Nilimuambia Padri ukweli. Akaandika barua ya kumrudisha Anselemi, akanituma niipeleke mwenyewe. Nilitembea siku mbili. Nilimkuta kwa mama yake, amekuja siku chache kutoka mgodini, mikono imepasukapasuka. Mama alinipa kiti, akatoka bila kunisalimia. Nikaomba msamaha. Anselemi akaisoma barua mpaka mwisho, akaikunja.

"Mwalimu, niliandika yote kwa karatasi. Haukusoma."

Nikamuambia arudi, nafasi yake iko. Akakataa, kwa upole tu. "Kule kazini hakuna muntu ananiuliza sababu ninanyamaza. Mashini iko na kelele ya kutosha."

Kisha akanisamehe, akanisindikiza mpaka barabarani. Ingekuwa nafuu angenitukana.

Wewe unayefundisha, ao unayesoma tu: ukikuta maneno yanayokupendeza upesi, simama, uulize kwanza ni nani anayesema. Na usimhukumu muntu kwa kuwa hapigi kelele kama wewe. Ukishaharibu utaomba msamaha, labda utapewa, kama mimi nilivyopewa, na hakuna kitu kitakachorudi. Watoto wa Kashebere wangekuwa na mwalimu leo. Hawana.