Uso wa Shafti

Uweso alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kupita chuma kilichovunjika bila kukiinamia. Akikuta nondo imekatika au jembe limepasuka, ataokota, atageuza juani, atapatazama pale palipoachana kama mtu anayesoma barua ya mkwewe. Mkewe Sabiha, nyumbani kwao Ngamiani, alikwisha sema mbele ya majirani kwamba laiti angetazamwa yeye usoni hivyo, wangekuwa na watoto kumi badala ya wawili.

Haukuwa wazimu. Alikuwa fundi wa karakana kwenye shamba moja la mkonge nje ya mji wa Tanga, na miaka ishirini ya kazi ilimfundisha kwamba chuma kina nyama ndani. Kizuri kikivunjika huonyesha chembe ndogo ndogo, kama unga wa mtama. Kibaya huwa na chembe kubwa zinazometameta kama chumvi ya mawe. Na kile kilichokufa pole pole kina sehemu mbili: moja laini, nyeusi kwa kutu, yenye mistari iliyofuatana kama alama za maji yakikupwa mchangani, nyingine mpya, ya chembe, inang'aa. Ile nyeusi ni ufa wa zamani. Inayong'aa ni siku ya kifo.

Mwaka 1954, mwezi mmoja kabla ya Pasaka, aligonga kwa nyundo shafti, ule mhimili wa chuma unaozungusha korona, ile mashine kubwa inayokwangua majani ya mkonge hadi zibaki singa tupu. Akasikia sauti ya chungu kilichopasuka. Akaenda kwa meneja.

"Ina ufa, Bwana. Tuisimamishe."

"Umeuona?"

"Nimeusikia."

"Ukiuona, njoo."

Aliyelisha majani mashine hiyo alikuwa Timotheo, Mshambaa wa Bumbuli, Mlutheri, mtani wake wa kila siku.

"Fundi, mgonjwa wako kaamkaje?"

"Mlishe taratibu. Usimshindilie kama unavyojishindilia viazi."

"Afadhali viazi. Nyie wa pwani mmekula samaki mpaka mmeanza kupumua kwa mashavu."

Wiki ya tatu, Alhamisi asubuhi, shafti ikakatika. Kipande kimoja kilibaki ndani kikipondwa mpaka injini ilipozimwa, uso wake ukawa bapa kama sahani. Cha pili kiliruka kikampiga Timotheo kifuani. Hakuwahi hata kulalamika.

Meneja aliwahi kuliko vilio: marehemu alishindilia majani kupita kiasi. Ikiandikwa hivyo, uzembe ni wake, na mjane wake Dorkasi, mama Eliudi, atatolewa na wanawe kwenye nyumba ya kambi bila hata asante. Mkaguzi wa serikali angekuja Jumatatu.

Uweso akaokota kile kipande. Damu ilikuwa imekaukia juu yake, lakini chini ya damu aliona: robo tatu nyeusi, mistari imejipanga, na ukingo mwembamba tu unaong'aa. Ufa wa miezi. Akakifunga guniani, akakisukuma chini ya meza ya karakana, akamwambia mlinzi, Zubeiri, "Asikiguse mtu." Hakumwambia kwa nini, maana kinywa cha Zubeiri kilikuwa na milango mingi na komeo hata moja hakina.

Jumatatu akafungua gunia mbele ya mkaguzi na meneja. Chuma kiling'aa chote kama sufuria ya harusi.

Zubeiri akatazama vidole vya miguu yake. "Mama Eliudi alikuja jana, katoka kanisani, na ndoo. Alisema kwao damu ya mume haiachwi kwenye kitu kilichomuua, mke huiosha kwa mkono wake. Ningemzuiaje mjane, Fundi? Alisugua kwa mchanga na makumbi ya nazi mpaka adhuhuri, huku anaimba."

Uweso hakukubali. "Bwana, pitisha kidole. Huku laini, huku chembe. Mchanga umeondoa kutu tu."

Mkaguzi akapitisha kidole, glovu hakuvua. "Naona chuma kisafi," akasema, akaandika.

Siku lori lilipokuja kuchukua vyombo, Dorkasi alipitia karakana kuaga.

"Fundi, wameandika kwamba baba Eliudi alikuwa mzembe."

"Hakuwa."

"Kile chuma, ulikitazama? Nakiota kimebaki na doa."

Uweso, aliyemwambia meneja machoni kwamba shafti yake ni mbovu, safari hii aligeuka akatazama lori. Akasema, "Ulikisafisha vizuri, mama Eliudi. Hakikubaki na kitu."

Dorkasi akashukuru, akapanda lori.

Kile chuma Uweso alikibeba hadi Ngamiani, akakiweka nje kizuie mlango. Masika ikakinyeshea, upepo wa chumvi ukakilamba, na kufikia Idi kutu ilikuwa imerudi: upande laini ulishika rangi yake, upande wa chembe rangi nyingine, na mstari wa kati ukaonekana wazi kabisa.

"Mume wangu," Sabiha akasema akifagia, "hivi huku si kama kuna vipande viwili?"

"Viwili."

"Hata mimi naona! Kwa nini usiwapelekee?"

"Mkaguzi kesharudi kwao. Dorkasi yuko Bumbuli. Nikikipeleka, atajua alichokiosha."

Akainama, akaugeuzia ukutani uso wa kile chuma, akaingia ndani.