Magoti ya Bi Lela

Kwa miaka mingi, wapangaji wa ploti yetu ya Majengo hawakuanika nguo kabla ya kumwuliza mama yangu, Bi Lela. Magoti yake yakiuma, mvua ilikuwa njiani. Tangu mwaka jana yanauma kila siku, mvua ije isije. Nampeleka kliniki kila miezi mitatu, na daktari husema ni uzee tu, aendelee na vidonge.

Juzi jirani yetu Waridi alitoka na karai la nguo.

“Bi Lela, tuanike, au magoti yamekataa?”

Mama alinitazama. Mimi nami sikujua.

“Anika, mwanangu.”

Saa sita ikanyesha. Waridi alianua nguo zilizolowa.

Leo ametazama mawingu mwenyewe, akaanika. Mama alikuwa ameketi mlangoni, akingoja kuulizwa.