Nusu ya Kidonge cha Mama

Mimi ni kiguu na njia tangu utotoni, sijui kukaa. Hata darasani Kwa Vonza, nilikofundisha baiolojia mwanzoni mwa miaka ya tisini, wanafunzi walinitania kwamba nafundisha huku nautafuta mlango. Mama alipokatwa titi, hali ikazidi. Nilikuwa nasahihisha daftari moja, natoka nje, narudi, nashika jingine, na moyo wote uko kwetu Kilungu, kwa mama. Shule ilipofungwa mwezi wa nane, niliondoka kabla mkutano wa walimu haujaisha.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta mama jikoni, ukungu umejaa mpaka mlangoni, anakata kidonge kwa wembe juu ya kifuniko cha kopo la mafuta ya kupikia. Nusu akaimeza. Nusu akaifunga kwenye kipande cha gazeti na kukitia katika fundo la leso yake. Nikamuuliza kama hiyo nyingine ni ya jioni. Akasema hapana, ni ya mwenzake.

Huyo mwenzake alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya bonde. Yeye na mama waliolewa mwaka mmoja na kubatizwa siku moja, na ndio walioanzisha mwethya wa upande wetu, kundi la akina mama wanaochimba matuta ya mashamba kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Sasa hata ugonjwa waliupokea kwa zamu. Mama alianza kuona uvimbe kwenye titi, na kabla mvua haijanyesha mwenzake naye akauona wake. Wote wawili walipasuliwa katika hospitali ya misheni kule chini, na vipande vya uvimbe vikapelekwa ng'ambo kupimwa. Mwenzake alitundikiwa pia dawa kali Nairobi, zikamtoa nywele, akakataa kurudi. Majibu yalikawia sana. Yalipokuja, mama alipewa vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka. Mwenzake alirudi kutoka hospitalini na kumwambia mama kwamba vidonge vyake bado havijafika.

Mama hakuona ugumu wowote hapo. Kama vyake vimefika na vya mwenzake havijafika, wataanza na hivi.

Nilipandwa na hasira. Nilimweleza kwamba kidonge ni kizima kila siku, kwamba daktari hakusema nusu, kwamba nusu ni kuuchokoza ugonjwa tu. Alinisikiliza huku akipuliza moto. Kisha akaniuliza:

"Nimelima na yeye, nimekula na yeye. Sasa dawa ndio nile peke yangu kama mchawi?"

Nilitoka nje, nikazunguka nyumba, nikarudi. Nikajaribu kumfundisha kama ninavyofundisha kidato cha tatu. Nikamwambia kwamba seli za uvimbe wa mtu zinaweza kuwa na vipokezi, yaani mahali ambapo homoni za mwilini huja kukaa, na zikishakaa, seli hupata amri ya kukua. Kidonge chake kinafanya kazi ya kukalia nafasi hiyo kwanza, kama mtu anayewahi kiti cha mgeni arusini, mgeni akija akose pa kukaa. Mama alipenda habari ya kiti. Alicheka. Kisha akasema kwamba kama ni dawa ya titi, basi ni ya titi, na mwenzake naye ana titi. Akachukua leso yake akavuka bonde.

Sikutulia siku ile. Kesho yake nikashuka hospitalini kumgombeza daktari kwa kuchelewesha dawa ya watu. Nilikuwa nimejipangia maneno njiani, mengine makali sana. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulinichoma zaidi. Alisema hawezi kunizungumzia mgonjwa ambaye si mama yangu. Ila jambo la jumla aliweza kunieleza: si kila uvimbe wa titi una vipokezi hivyo. Usipokuwa navyo, kidonge kile hakina pa kukaa, na mgonjwa hapewi. Akaongeza kwamba seli zina vipokezi vya aina nyingine, vinavyopokea vichocheo vya ukuaji, na kwamba wataalamu ng'ambo walikuwa wakitafuta dawa za kuvishika hivyo navyo. Nikamuuliza dawa hizo ziko wapi. Akasema ziko maabara. Miaka ya mwisho ya muongo ule nilisoma gazetini kwamba mojawapo imeanza kutumika huko kwao, kwa wale ambao uvimbe wao una kipokezi chake. Nililikunja gazeti lile nikalitupa, nikaenda kulichukua tena.

Siku ile niliuliza jambo moja tu zaidi: kama kila mgonjwa huambiwa majibu yake. Akasema yeye mwenyewe huwaambia, kila mtu peke yake, mlango umefungwa.

Nilipanda mlima nikiwa naelewa, na kuelewa kwenyewe kulinitia hofu. Sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenzake mama, nikamkuta ameketi juu ya gunia nyuma ya nyumba, anamenya maharagwe, kitambaa kimefunika kichwa kisicho na nywele. Alikuwa amekonda kuliko nilivyoambiwa. Sikumwamkia hata vizuri. Nikamwambia nimetoka hospitalini.

Hakushtuka. Alisema alikuwa akijiuliza nitafika lini, maana ananijua, mimi si wa kutulia. Kisha akanieleza yote huku vidole vikiendelea na maharagwe. Daktari alimwambia kwamba hakuna kidonge kitakachomfaa. Alipopanda mlima alimkuta mama amemngojea njiani, amechangamka, na mdomo ukakataa kusema. Ndipo akasema vidonge havijafika, akidhani amejipatia wiki chache za kupumua. Kesho yake mama akaja na nusu. Alipoikataa, mama aliapa kwamba asipomeza yeye, hata yeye mama hamezi.

"Kwa hiyo nameza," akasema. "Nikimeza mimi, angalau na yeye anapata nusu."

Nilikuwa nimekuja na hasira, sasa sikujua pa kuipeleka. Nilimwonea huruma, nikamwonea wivu pia, kwa jinsi alivyompenda mama kwa akili kuliko mimi. Lakini mama alikuwa wangu, na nusu haikutosha. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia waziwazi kwamba mama hatanisikia mimi, hamsikii daktari, na kwamba amebaki yeye tu wa kumwambia. Nilijua ninachomwomba. Ili mama ameze kizima, ilimbidi huyu mwanamke aseme kwa kinywa chake kwamba yeye hana dawa, na mama ajue maana yake.

Aliweka maharagwe chini. Akaniambia nimsaidie kuinuka.

Tulivuka bonde polepole, ameniegemea. Mimi nilitaka kukimbia. Yeye alisimama kila baada ya hatua chache kuangalia matuta ambayo wao wenyewe waliyachimba, akilalamika kwamba moja limeanza kubomoka na hakuna anayejali. Mama alituona tukija, akaweka kigoda nje, akaleta maji kwenye kikombe, kisha akatoa wembe, kwa maana siku ile alikuwa amechelewa kukata.

"Usikate," mwenzake akamwambia.

Mama akamtazama. Akanitazama mimi, nikaangalia chini.

"Yangu haiko. Haikuwa inakuja. Daktari aliniambia siku ile ile, na mimi nikakudanganya. Mwili wangu hauna mahali pa hii dawa. Umenimezesha bure tangu wakati ule, na wewe umejipunguzia. Sasa meza yote, mimi nikiona."

Mama alishika kidonge kwenye kiganja. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. Alijaribu kukirudisha kwenye chupa. Mwenzake akamshika mkono. Hatimaye akakitia mdomoni, akanywa maji, akameza kwa shida kama anayemeza jiwe.

"Na wewe?" akauliza. "Wewe unameza nini?"

Mwenzake alinyoosha mkono akachukua kikombe kutoka kwa mama, akayanywa maji yaliyobaki.