Barua Nilizomwandikia Mama

Wiki iliyopita nilirudi mtaani kwetu Kiponda kuifunga nyumba yetu. Mafundi wanaingia mwezi ujao, na ikishamalizika itakuwa hoteli kama walivyofanya majirani wote. Sikuwa na kubwa la kuchukua, vyombo viwili vitatu na msahafu wa bibi. Lakini juu ya kabati la mama niliukuta mkebe wa biskuti, ule ule aliokuwa akitilia barua, umeota kutu ukingoni. Nikakaa sakafuni nao mapajani. Rafiki yangu, acha nikueleze kilichomo, maana nimekibeba peke yangu tangu utoto na sasa nimechoka.

Nilikuwa na miaka minane baba alipoondoka, mwaka ule wa Mapinduzi. Alisema ni siku chache tu. Siku zikawa miezi, kisha tukasikia yuko Dubai. Tukabaki watatu nyumbani: bibi mzaa baba, mama na mimi. Asubuhi niliamshwa na muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake kichochoroni, halafu nikakimbilia mkate wa ajemi, siku ambazo mkate ulikuwepo. Mchele ulipoadimika tulikula muhogo wa nazi mpaka bibi akalalamika kwamba hata usingizini anatafuna muhogo. Kazi yangu ilikuwa kukuna nazi. Mama alikaa dirishani akishona kofia, na kwa kuwa alitia asumini katika kikapu cha uzi, kila kofia iliyotoka mkononi mwake ilinukia. Mpaka leo akipita mtu amevaa kofia mpya shingo yangu inageuka yenyewe.

Mama alisoma Kurani vizuri kuliko wanaume wengi wa mtaa, lakini kuandika hakujua. Wakati wa usichana wake wazee waliamini kwamba mwanamke akijua kuandika atawaandikia wanaume barua, basi chuoni, kwenye Kurani, wasichana wakafundishwa kusoma tu, na wino wakaachiwa kaka zao. Herufi za Kizungu za skuli ndizo hakuzijua kabisa. Kwa hiyo mimi, mtoto wa skuli, nikawa mkono wake. Yeye alisema, mimi niliandika, na jawabu likija mimi ndiye niliyesoma. Nilijiona mkubwa sana.

Nilipofika miaka kumi, mkunga mmoja jirani yetu alimwambia mama kwamba anaweza kumtafutia nafasi ya kujifunza kazi katika wodi ya wazazi. Uso wa mama siku ile! Aliimba akipara samaki, yeye ambaye hakuwa mtu wa kuimba. Lakini bibi alikuja juu.

"Mke wa mtu hatoki kwenda kazini bila ya ruhusa ya mumewe. Ruhusa unayo?"

"Sina, mama. Ntaiomba."

Alasiri ile aliniita. Nikaitika naam, nikaja na kalamu. Alisema polepole ili nisikose hata neno moja.

"Mwandikie baba yako hivi. Kama utatuita, tuite, tuko tayari. Kama hutuiti, nipe ruhusa nikafanye kazi. Na kama yote mawili huwezi, niandikie talaka yangu. Chagua moja, nami ntajua la kufanya na maisha yangu."

Neno talaka lilinipiga kifuani. Skuli kulikuwa na mtoto ambaye wazazi wake waliachana, na tulikuwa tukimcheka, mimi wa mbele. Nilimtaka baba yangu. Niliona kwamba nikiliandika neno lile, baba hatarudi tena na mwenye kosa ni mimi. Basi niliinama, nikaandika kwa hati yangu nzuri kabisa: Mama anasema hatuna haraka. Tuko wazima, tunakungoja. Njoo utakapoweza. Nikakunja karatasi. Mama akanibusu kwenye paji la uso na kusema Mungu akuzidishie elimu.

Jawabu lilichukua miezi minne. Siku hiyo nilikuwa juu ya mbuzi nakuna nazi, mama akaja mbio na bahasha, hata ushungi umemwanguka. Baba aliandika kwamba amefurahi sana kusikia hatuna haraka, basi tusubiri. Mimi nikasoma neno moja tu.

"Anasema subirini."

"Hilo tu?"

"Hilo tu, mama."

Hakulia. Aliichukua bahasha, akaitia katika mkebe, akanitoa juu ya mbuzi na kuendelea kukuna ile nazi mpaka kifuu kikalia. Mwezi uliofuata nafasi ya wodini akapewa mwanamke mwingine. Mama akarudi kwenye kofia zake, wala sikumsikia akiimba tena.

Ungedhani ningesema. Sikusema. Kila siku iliyopita iliifanya siku ya kusema kuwa nzito zaidi.

Miaka mitatu baadaye, bibi ameshatangulia mbele ya haki, kisomo cha watu wazima kikaanzishwa katika skuli ya jirani, baada ya alasiri. Shangazi zangu walikuja kuuliza kama mumewe amempa idhini. Mama alikuwa anatafuta buibui lake. "Kwa hili sitomuuliza mtu," akasema, akatoka. Alirudi na chaki mpaka kwenye nyusi. Nyumba nzima ikajaa herufi: kwenye karatasi za sukari, kwenye unga wa sinia, kwenye vumbi la kioo. Mimi nilimsaidia huku nikitupia jicho juu ya kabati, kwani barua ya baba ilikuwa mkebeni.

Siku moja mama alinikuta jikoni. Mkononi alikuwa na ile barua ya baba.

"Hapa baba yako kafurahi kuwa mimi sina haraka. Nani kamwambia sina haraka?"

Nikamwambia. Alikaa juu ya gunia la mkaa, barua ingali mkononi.

Barua iliyofuata aliiandika mwenyewe. Ilimchukua siku tatu, akaipeleka posta peke yake. Jawabu lilipokuja hakuniruhusu kuligusa. Alilisoma kwa sauti, akifuata mistari kwa kidole. Baba aliandika kwamba angelijua haya wakati ule angelituita, au angelimpa ruhusa siku ile ile. Alidhani mama ameridhika. Sasa ameshaoa huko, ana watoto wawili. Talaka ilikuwa ndani ya bahasha hiyo hiyo.

Nilijitupa miguuni pake nikamwomba anipige. Aliniinua.

"Usilie. Maisha yangu nlikupa wewe uyaandike, nawe mtoto. Kosa langu hilo, na mimi ndiye ntakayelitengeneza."

Sikukubali wakati ule, na sikubali leo. Lakini yeye alishasimama. Siku ya pili alikwenda hospitali. Wakamwambia kwa ukunga sasa wanachukua wasichana waliomaliza skuli. Kilichopo ni kufua mashuka ya wodi ya wazazi. Alikichukua. Alifua damu ya wazazi wa watu mpaka mikono ikampauka, na kila asubuhi wenzake walipobonyeza dole gumba kwenye daftari, yeye alitia saini.

Juma lile la talaka nilimwandikia barua ya kumwomba radhi, nikaiweka chini ya mto wake. Hakuitaja hata mara moja. Tuliishi pamoja miaka mingi baadaye, nikaolewa, nikazaa, nikamzika, na sikupata ujasiri wa kumuuliza kama aliiona.

Muuza kahawa hayupo tena Kiponda, na asumini yetu ya uani imeshakatwa kupisha bomba. Mkebe ulikuwa na barua za baba, na chini kabisa ile barua yangu ya radhi, karatasi ya daftari imekunjwa mara nne. Niliifungua. Chini ya maneno yangu kuna mstari mmoja kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza juzi, kalamu imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.

Nimeisoma mwenyewe.

Niligeuza nyuma kutafuta kama aliandika pia kwamba amenisamehe. Nyuma ni peupe.