Jumapili Niliyopanda Jukwaani Kuwatunza Wapiga Shaba

Shida zangu zilianza mwaka 1969, nikiwa na miaka tisa, baba alipofariki kule Tanga na mimi nikatolewa darasa la tatu kwenda kushika tochi ya gesi kwenye karakana ya mjomba. Tangu siku hiyo nimelala na njaa, nimelala stesheni, nimevuka mipaka mitatu chini ya turubai la lori la vitunguu, nimeingia Johannesburg na viatu viwili vyote vya mguu wa kushoto, na katika hayo yote sijainamisha uso mbele ya mtu. Aibu nimekuja kuijua uzeeni, Jumapili moja mchana, nimeshiba, nimenyoa, nimevaa kanzu iliyopigwa pasi, nimeketi kwenye kiti cha mahameli. Nasimulia mwenyewe kwa sababu mtaa wetu mzima wa Mayfair unasimulia, na wanaongeza chumvi (wanasema nilicheza, sikucheza, niliyumba kidogo tu).

Kazi yangu ni kukunja mabomba ya ekzosi. Msidhani ni kazi ya nguvu, ni kazi ya subira, kwa sababu bomba ukilikimbiza linavunjika kiwiko, kwa ndani linafanya makunyanzi, moshi unakwama na gari linakohoa maisha yake yote. Basi binti yangu Rehema aliporudi siku moja na tromboni ya shule, akiwa mtoto wa miaka kumi na tatu, mimi sikuona ala ya muziki, niliona bomba. Nililigeuza, nikapitisha kidole kwenye kona kutafuta kovu la nyundo, sikulipata.

"Baba, usiiguse, ni ya shule," akasema.

"Aliyekunja hii ni fundi," nikamwambia, na mapenzi yangu na watu wa shaba yakaanzia hapo.

Alikuwa akifanya mazoezi karakanani kwangu, kwa sababu nyumbani mama yake hakutaka kelele, na mimi nipo chini ya gari nasikiliza. Baadaye akaniletea diski za okestra kubwa kubwa, nikawa nazipiga kwenye redio ya kazini kutwa, wateja wananishangaa, mzee wa Kiswahili na muziki wa Wazungu wapi na wapi. Vinanda vya nyuzi sikuvijali sana. Nilikuwa nawangoja wale wa nyuma, tarumbeta, honi, tromboni, lile tuba lao. Wakiingia, nilikuwa nazima tochi. Lakini jamani, nilikuwa nasikia tu, sikuwahi kuwaona wakiwa kazini. Hilo lishikeni.

Mwaka jana okestra moja kubwa ya hapa mjini ilikuwa inatafuta mpiga tromboni, wakamchukua Rehema kwa majaribio ya miezi mitatu. Konsati ya mwisho ya majaribio ilikuwa Jumapili hiyo, saa tisa mchana, na wiki hiyo hiyo wenzake wangekaa na kupiga kura, abaki au aende. Kazi ya kudumu hiyo, mshahara kila mwezi, na mtoto wangu kwenye safu moja na watu niliowasikia miaka yote nikiwa chali chini ya gari. Hakulala wiki nzima. Alikuja nyumbani kutoka kwenye fleti yake ya Randburg na tiketi mbili, akanikalisha kama mwanafunzi.

"Baba, usipige makofi mpaka yule mwenye kijiti anayetuongoza ageuke. Simu uzime. Usiongee. Usikohoe."

"Nikibanwa na kikohozi?"

"Meza."

Nikakubali yote. Tiketi ya tatu nikainunua mwenyewe nimpeleke jirani yangu Papa Ilunga, fundi cherehani wa Lubumbashi, kwa sababu ana tabia ya kujisifia fanfare, bendi ya tarumbeta ya kanisa lao, na nilitaka anyamaze.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe, dogo kabisa. Tumesimama kwenye robot, taa za barabarani, pale karibu na ukumbi, mke wangu akaona naziweka sawa noti mpya mfukoni mwa kanzu. Kwetu Tanga, mpigaji akikukuna moyo hukai na utamu wako kama mchoyo, unaondoka pale ulipo, unakwenda mpaka mbele noti iko juu watu waione, unamtunza. Hiyo ndiyo heshima ya mpigaji. Harusi zote, taarabu zote, hata hapa Mayfair tunafanya.

"Huko kwao wanatunza?" mke wangu akauliza.

"Muziki ni muziki."

"Muulize mtoto. Mpigie sasa hivi."

"Nimuulize nini mimi? Nimeanza kutunza kabla hajazaliwa."

Taa ikawaka kijani, nikakanyaga mafuta.

Tukaketi mstari wa tatu, upande wa kushoto, karibu na ngazi za jukwaa (ngazi zilizonimaliza). Wakaingia, na nilipowaona watu wa shaba kwa macho yangu nilisogea ukingoni mwa kiti. Wa honi wanne, kila mmoja mkono umezama ndani ya mdomo wa honi kama fundi anayetafuta spana iliyoangukia kwenye injini. Mama mmoja wa Soweto, mrefu, amepakata tuba, bomba la lori zima limekunjwa likae pajani, bila kunyanzi hata moja. Halafu wa tromboni watatu, kiongozi wao mzee wa Kizungu mwenye ndevu nyeupe, wa pili, na wa tatu Rehema wangu, nguo nyeusi, kilemba cheusi, mgongo umenyooka.

Muziki ukaanza. Una sehemu nne. Sehemu ya kwanza ikapita, Rehema hajainua tromboni. Ya pili ikapita, ameiweka gotini. Papa Ilunga akaniinamia sikioni.

"Mzee Bakari, mutoto wako njo ule anakaa tu?"

"Anangoja zamu yake."

"Zamu gani? Bengine bote banatoka jasho. Yeye bamemuweka akiba, sawa ku mupira. Kwetu ku fanfare, mutu yote anapiga."

"Nyamazeni," mke wangu akasema, "watu wanatutazama."

Sehemu ya tatu nayo ikapita, na wale watatu wamekaa kama wageni waliosahauliwa kwenye chai. Kichwani mwangu nikawa naongea peke yangu, kwamba wamemnyima, wamemweka pale pambo, watasema kwenye kura kuwa hana alichofanya, na miaka yote ya mazoezi kati ya majeki na makopo ya oili imekwenda bure. Nilikuwa na hasira za kung'oa kiti. (Ningemuuliza, angenieleza kuwa tromboni huwekwa mpaka mwisho kwa makusudi. Lakini nani aulize?)

Ndipo, katikati ya sehemu ya nne, wakainua.

Hawakuja na kishindo. Walikuja taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa. Watatu, pumzi moja, sauti nene, ya chini, safi, haina kovu popote, na ukumbi wote ukatulia mpaka ukasahau kukohoa. Mimi nimezika wazazi sikulia, nililia pale. Zile hasira zote zikageuka furaha mara moja, na furaha ya mtu wa Tanga haikai kitini. Nikasimama.

"Unakwenda wapi?" mke wangu akanishika kanzu. Ikamponyoka.

Mama mmoja wa mlangoni, blauzi nyeupe, akanipungia mikono yote miwili. Nikadhani ananitia moyo. Nikapanda zile ngazi, noti iko juu, nayumba kidogo kwa madaha kama inavyotakiwa, nikapita nyuma ya wapiga fidla (mmoja alinichoma ubavuni na upinde wake, nadhani kwa makusudi), nikafika kwa watu wa shaba. Nikaanza na mkubwa wao, kwa adabu, nikamtia noti mfuko wa koti. Akatoa macho, lakini hakuacha kupiga. Wa pili naye hivyo hivyo. Halafu nikaenda kusimama mbele ya mwanangu nimbandike yake kwenye paji la uso.

Jamani. Tromboni ile nimeitazama miaka kumi na minne. Najua bomba lake husukumwa mbele mkono mzima ukitaka sauti ya chini kabisa, hakuna anayejua mabomba kuliko mimi mtaa mzima, na ndipo nilipokwenda kusimama. Rehema alikuwa na macho kwenye karatasi. Akasukuma bomba liende, likanigonga tumboni, tromboni nzima ikarudi ikamgonga mdomoni. Ile sauti ya chini ikatoka kama ng'ombe aliyekanyagwa mguu.

Ukumbi mzima ulisikia. Yule mwenye kijiti akageuza shingo, na sikuwahi kutazamwa vile hata na polisi wa mpakani. Mwanangu akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, ukatoka na damu, akaweka tromboni tena mdomoni, akaendelea. Hakunitazama.

Nikataka kurudi, sijui pa kupita, mama wa tuba akanivuta kanzu kwa nguvu.

"Hlala phansi, baba," akaninong'oneza, na mkono wake ukinisukuma chini. Nikakaa. Sakafuni, kati ya miguu ya kiti chake na ukuta, mzee wa miaka sitini na kitu, magoti kifuani, noti ya mwanangu bado mkononi.

Na hapo ndipo wote wakaingia kwa nguvu, mpaka mwisho wa muziki. Sitawadanganya, sijawahi kusikia kitu kama kile na sitakisikia tena. Shaba yote kwa pamoja, mimi nimo ndani yake, sakafu inatetemeka, mbavu zinatetemeka, na kila mmoja wao anavuta pumzi pale pale anapovuta mwenzake, kama watu kumi wanaobeba boriti moja na hakuna anayekwenda kombo. Mpigaji mmoja kati yao alikuwa na mdomo uliopasuka. Nilimsikia kati yao. Sauti yake haikutofautiana na za wengine, na hilo lilinichoma kuliko kama angekosea tena.

Makofi yalipopigwa mimi nilibaki sakafuni, maana nikisimama nitaonekana napokea makofi.

Nyuma ya jukwaa nilimkuta amekaa na karatasi laini mdomoni. Mke wangu yuko naye. Papa Ilunga alikuwa anasoma tangazo la moto ukutani, herufi kwa herufi.

"Nani alikuambia upande?" Rehema akauliza.

"Hukunikataza."

"Haibo, Baba! Nilikukataza kukohoa!"

"Kwetu ukimpenda mpigaji..."

"Najua kwenu. Nimekwenda hizo harusi zote. Ungeniuliza tu, Baba. Swali moja." Akatoa ile karatasi, akaangalia damu. "Ile sauti ya chini ndiyo walikuwa wanaingoja kwangu. Miezi mitatu, ile moja."

Yule mzee mwenye ndevu akaja na noti yake na ya mwenzake, akazinyoosha kwa heshima, akanirudishia, akanipa mkono. Akamuuliza Rehema kwa Kiingereza kama mimi ni baba yake, Rehema akamjibu kwa kifupi, mzee akatikisa kichwa na kunitazama kwa upole. Angenitukana ningeona nafuu.

Alhamisi Rehema akaja na barua yao. Wamemchukua mwingine, mtu wa Durban. Wamemshukuru Rehema kwa kazi yake nzuri. Kuhusu mimi hakuna hata neno moja, nilimwambia mke wangu anisomee mara mbili. Laiti wangeniandika humo ningejua ni mimi. Sasa sijui. Pengine huyo wa Durban ni hodari zaidi, pengine ni tumbo langu, na hakuna wa kuniambia.

Nikachukua funguo za gari niende ofisini kwao nikaseme kosa ni langu. Rehema akasimama mlangoni mwa karakana.

"Usiende."

"Nitawaeleza tu."

"Ukienda nitakuwa mtoto wa yule mzee mpaka nife. Sasa hivi nimekosa kazi moja tu. Niachie hapo."

Mimi maisha yangu yote jambo likiharibika nalishika kwa mikono, nalichomelea, nalipiga msasa. Siku hiyo nilirudisha funguo msumarini na kukaa. Kidonda cha mdomo wake kilikauka baada ya wiki mbili, lakini mazoezi anafanyia Randburg sasa, karakanani haji tena, na redio naiacha imezimwa.

Basi nimeapa, na nimewaita mashahidi, mke wangu na Papa Ilunga: popote nitakapoalikwa, hata iwe chai, nitauliza kwanza wenyewe wanafanyaje, na nitauliza kwa sauti, na anayetaka kunicheka anicheke. Na jukwaani sipandi tena hata kama jukwaa linaungua.

Leo nina karakana hapa Mayfair, mashine mbili za kukunja mabomba, bakkie moja nyeupe (pikapu, kwa lugha ya hapa), nyumba ya vyumba vitatu, nyumba nyingine Tanga ya kupangisha, mke mmoja, na binti mmoja mpiga tromboni. Mwezi ujao ana majaribio kwenye okestra nyingine. Nimesikia kwa mama yake. Tiketi sina.