Kitabu Ambacho Hatukukimaliza

Karatasi iliyokaa muda mrefu kwenye ukungu ina harufu yake, kama uyoga uliochanganyika na majivu ya jana, na mtu aliyekulia Mgwashi, kijijini kwetu milimani, akiisikia hakosi kuitambua. Wiki chache zilizopita niliinama kwenye meza ya muuza vitabu vya mitumba, nikafungua kimoja bila hata kutazama jalada. Harufu ile ikanipanda puani. Papo hapo nikajiona nimeketi tena kwenye kigoda cha jikoni kwetu, mgongo unaungua kwa moto, magoti yamekufa ganzi kwa baridi, macho yanautafuta mlango.

Nilikuwa nimemaliza darasa la tano na tulikuwa kwenye likizo ya Desemba. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachwa huru na bidhaa zilipoanza kuipanda milima yetu kwa fujo. Siku ya gulio pale Soni ulikuta makoti mazito ya Ulaya, betri za redio, sabuni za kunukia, na juu ya turubai moja, vitabu vya hadithi vyenye wanawake wa midomo myekundu kwenye majalada. Kimoja kati ya hivyo kiliwatia watu wazimu. Wachuma chai walisimuliana habari zake wakiwa shambani. Wasichana wa kwaya walikificha ndani ya kitabu cha nyimbo. Ilifika mahali ukimsalimia mtu, akishaitikia marahaba, anakuuliza umefika ukurasa wa ngapi.

Shangazi yangu Naemi, dada yake baba, alikipata kwa kutoa kikapu kizima cha matunda ya plamsi. Yeye mwenyewe alikuwa hajui kusoma zaidi ya jina lake, maana aliachishwa shule darasa la pili ili alee wadogo zake. Alikuwa akiishi kwetu tangu mumewe, Zakaria, aliposhuka kwenda machimbo ya vito kutafuta bahati. Aliahidi kurudi baada ya mavuno. Mavuno matatu yalikuwa yamepita, na barua ilikuwa imekuja moja tu.

"Hilda atakusomea," baba alisema, bila kuniuliza. Baba alikuwa mwalimu, na mbele yake kitabu kilikuwa kama sahani ya chakula: hubakizi. "Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge," alituambia kila tulipoacha jambo nusu, iwe ni hesabu, uji au maombi.

Basi kila siku baada ya chakula cha mchana nilifungiwa jikoni. Nasema nilifungiwa kwa sababu mlango ulitiwa komeo kuzuia ukungu usiingie, kigoda changu kiliwekwa kati ya mafiga na magoti ya shangazi, na karibu na mlango aliketi Mama Eliya, jirani yetu, mwanamke mpana mwenye ungo wa maharage mapajani. Ili nitoke ningelazimika kumruka. Huko nje niliwasikia wenzangu wakiteleza mteremkoni juu ya magome ya migomba, wakipiga kelele za furaha kila mmoja alipoangukia matopeni. Kila kelele ilinichoma.

Na kitabu chenyewe, jamani! Sijui watu waliona nini ndani yake. Mwanamke mmoja aitwaye Zuhura aliachwa na mumewe aliyekwenda mjini, akakaa dirishani kulia. Alilia kurasa nne. Akanywa maji, akaanza tena. Maneno yalikuwa marefu na magumu, na mimi ambaye Kiswahili changu kilikuwa cha darasani na Kishambaa ndicho cha kuota nacho, nilijikwaa kila mstari. Shangazi hakuchoka. "Endelea, mwanangu," alisema, huku vidole vyake vikimenya maharage bila yeye kuyatazama.

Siku ya sita, ukurasa wa arobaini na moja, Zuhura alirudi dirishani, nami nikaishiwa nguvu. Nilikikodolea macho kitabu, nikafungua mdomo, na maneno yaliyotoka hayakuwa yameandikwa popote. Nilimtoa Zuhura dirishani. Nikampeleka mumewe safari ya lori, lori likaacha njia kwenye kona, akavunjika mguu, akauguzwa na mzee mmoja mpole asiyejua kuandika, ndiyo maana barua hazikuja. Mama Eliya akaacha kupepeta. "Masikini!" alisema. "Kumbe mtu wa watu alikuwa anaumwa!"

Ulimi wangu ulikuwa mtamu siku ile, sitawaficha. Lakini mtego niliutega mwenyewe nikaingia mwenyewe. Kila mchana walinisubiri kwa hamu kubwa zaidi, na usomaji wa nusu saa ukawa wa saa nzima. Ilinibidi nikumbuke mguu uliovunjika ni upi, mzee mpole alikuwa na mbuzi wangapi. Nikikosea, Mama Eliya alinisahihisha: "Jana ulisema wa kushoto." Nilikuwa nageuza kurasa kwa kubahatisha, huku jasho likinitoka katikati ya baridi.

Mchana mmoja, kabla sijafungua kitabu, Mama Eliya alileta habari zake mwenyewe. Mdogo wake alikuwa na kibanda cha ushonaji pale Soni, na cherehani ya pili ilikosa mtu.

"Wewe unajua kushona, Naemi," alisema. "Kuna na chumba cha kulala. Ila anataka jibu kabla ya mwaka mpya."

 Shangazi akasema, polepole, "Na Zakaria akirudi? Umesikia ya Zuhura. Angeondoka yule, mumewe angemkuta nani na mguu wake ule?"

Mama Eliya alitikisa kichwa kukubali.  Mguu ule niliuvunja mimi! Niliuvunja kwa sababu nilichoshwa na dirisha, na sasa shangazi yangu wa kweli alikuwa anakataa kazi ya kweli kwa ajili yake.

Asubuhi iliyofuata nilikichukua kitabu, nikapanda nacho juu ya mti wa mforsadi ulio nyuma ya nyumba, nikaapa kukisoma hadi mwisho ili nijue Zuhura alifanya nini hasa. Nilisoma kurasa tatu. Nikarudia moja. Herufi ziliogelea. Nilijipiga kofi shavuni, nikajaribu tena, nikashindwa tena. Nilipoitwa mchana, mwisho wa hadithi nilikuwa siujui bado, na Mama Eliya kwa bahati alikuwa kwenye msiba upande wa Bumbuli. Tulikuwa wawili tu, mimi na shangazi.

Nilifungua kitabu, nikafunga. "Shangazi," nilisema, "hakuna lori."

Vidole vyake vilisimama.

"Hakuna lori wala mzee. Nilitunga. Kitabu kilinishinda zamani, shangazi, nisamehe. Sijui mumewe Zuhura alirudi au hakurudi. Usikatae Soni kwa ajili yangu." Nikaanza kulia, kuliko hata Zuhura.

Hakunipiga. Alikaa akinitazama, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikaona anacheka.

"Nilijua," alisema. "Ulipokuwa unasoma kweli ulijikwaa kama mbuzi kwenye mawe. Siku moja ukaanza kuteremka kama maji ya kijito. Nikasema, hapa mtoto ameshaacha kusoma."

"Mbona ulinyamaza?"

"Kwa sababu hadithi yako ilikuwa nzuri kuliko ya kitabu, tena ilinipa kisingizio cha kuendelea kungoja." Akafuta macho kwa pindo la kanga. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Hebu nisomee ulipoachia. Kweli kweli sasa."

Nikasoma, nikijikwaa. Zuhura alikuwa dirishani. Mvua ilinyesha, akamkumbuka mumewe. Jua likawaka, akamkumbuka. Sikuwa nimemaliza ukurasa wa pili shangazi aliponyoosha mkono akaweka kiganja chake juu ya maandishi, kiganja chenye vumbi la maganda ya maharage.

"Basi, mwanangu. Funga. Hata mimi nimechoka naye."

"Hatumalizi?"

"Hatumalizi."

Jumatatu yake alifunga nguo zake kwenye kitenge. Baba alisimama mlangoni akakumbusha habari ya maji na kuvua nguo. Shangazi alimwamkia kwa heshima kama ilivyompasa mdogo, kisha akasema, "Kaka, maji haya nimeyaoga miaka mitatu. Nimepata baridi. Natoka." Baba akampisha mlangoni. Nilimsindikiza shangazi hadi njia panda. Alishuka mteremko bila kugeuka nyuma, akitembea upesi upesi, mpaka ukungu ukammeza.

Zakaria alirudi mwaka uliofuata, mzima wa miguu, mikono mitupu. Alimkuta shangazi Soni, nyuma ya cherehani. Shangazi alimpa chai na kiti. Mengine waliyamaliza wao wawili na mchungaji, na si yangu kuyasimulia.

Kwa miaka mingi niliibeba siku ile kama siku niliyokamatwa nikidanganya. Ilinibidi niwe mtu mzima, nami niwe nimewahi kukaa mahali nilipopaswa kuondoka, ndipo nikaelewa. Kanisani walimsifu shangazi kwa uvumilivu wake, sokoni walimsifu, baba alimtolea mfano mbele yetu, na kila sifa ilimfungia ndani zaidi. Pale jikoni nilidhani mfungwa ni mimi peke yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa natazama mlango. Yeye hata kuutazama hakuthubutu. Alihitaji mtu mmoja tu, hata awe mtoto wa darasa la tano mwenye makamasi, akae mbele yake aseme bila kuficha kwamba ameshindwa kuendelea.