Dada wa Vipimo

Yule dada wa chuo anayesomea saikolojia ya shule huja shuleni kwetu kila Jumanne kujifunza kazi. Huwapima watoto kwenye stoo iliyo nyuma ya maktaba yangu, na mlango wake haufungiki vizuri, kwa hiyo msinilaumu kwa kuona. Kabla mtoto hajaingia, hujifuta viganja kwenye sketi, kisha hukausha uso usionyeshe lolote. Haruhusiwi kumwonyesha mtoto kama amepata au amekosa. Kila jibu hulipokea kwa sauti ile ile: "Haya, tuendelee." Msimamizi wake, Bi Lindquist, hukaa kwenye kona akimtazama yeye, si mtoto.

Leo aliingia Brielle wa darasa la tatu, ambaye majibu yake ndiyo yataamua kama atahamishiwa darasa maalumu. Katikati ya maswali akaweka penseli chini.

"Nimekosa tena, eti?"

"Siwezi kukuambia, mpenzi."

"Mbona umeshaniambia. Nikikosa unashusha pumzi."

Kalamu ya Bi Lindquist ikasimama. Yule dada hakugeuka. Alisoma swali lililofuata, neno kwa neno, halafu akabana pumzi. Brielle, macho kifuani kwa yule dada, naye akabana yake.